Neno Nililompa Kinanda

Jumapili, 3 Novemba

Wanaondoka. Wote! Kundi zima la vijana wangu wa kanisani wanaomaliza shule, na ibada ya kuwaaga ni Jumapili ya tarehe kumi na saba. Mchungaji alitangaza leo kwa furaha utadhani ni harusi. Kanisa likapiga makofi. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Hawa nimewalea. Walikuja kwangu hata kamasi hawajui kupenga. Leo wana ndevu na misimamo. Mrefu anakwenda kusomea uuguzi. Wale pacha wanakwenda kwa mjomba wao kujifunza useremala. Msemaji, yule asiyenyamaza hata tukifumba macho, amepata chuo cha ualimu. Mungu awahurumie wanafunzi wake.

Kinanda, mpiga kinanda wetu tuliyemzoea kwa jina hilo, alinisubiri baada ya ibada. Alikuwa anakunja waya za vyombo, polepole, kama afanyavyo akiwa na jambo. Kisha akalitoa: amepata nafasi chuo cha upimaji ardhi. Mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Hata mama yake hajamwambia bado. Mimi kwanza! Nilijisikia mtu mkubwa.

Akasema, "Anti, niombee. Sitaki kwenda kwa kupenda kwangu tu. Ukisikia neno, niambie."

Nikasema nitaomba.

Halafu nikatembea hadi nyumbani nikiwaza kitu kimoja. Kinanda akiondoka, nani atapiga? Mkutano wa vijana ni Desemba, makanisa ya jirani yote yanakuja kwetu. Yule mdogo anayejifunza anapiga kama anaua mbu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempa neno.

Niandike ilivyokuwa, si hakuna anayesoma humu. Niliomba, ndiyo. Niliomba kazini, pale duka la miwani, nikiwa nafuta lenzi za mzee mmoja. "Bwana, kuhusu Kinanda..." Akaingia mama mwenye fremu iliyovunjika mguu, nikaanza kumtafutia skrubu. Basi. Hayo ndiyo maombi yenyewe.

Mchana Kinanda akapita dukani. Akasimama pale kwenye kioo ambapo wateja hujaribia miwani. Hakuuliza kitu. Alinitazama tu kupitia kioo.

Nikamwambia, "Nimeomba. Ninachosikia moyoni ni neno moja tu. Kaa."

Sikupanga, nasema kweli. Lilitoka lenyewe, kwa ile sauti yangu ya maombi, ya chini, yenye pumzi nyingi. Hiyo sauti naijua. Inafanya kazi.

Akageuka kutoka kwenye kioo. "Kaa?"

"Kaa."

"Basi sawa, Anti. Kama ni Yeye."

Akatoka. Akarudi, alikuwa amesahau mwavuli. Hakunitazama alipouchukua.

Lakini inawezekana ni Mungu kweli, si ndiyo? Anaweza kusema katikati ya wateja wawili. Hana saa za kazi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kikao chetu cha vijana. Kinanda akasimama, mikono nyuma, akasema ameshawaandikia chuo kwamba hatakwenda. Anabaki kumtumikia Mungu hapa, atatafuta kazi hapahapa. Anti alipewa neno.

Makofi! Vigelegele! Msemaji akapiga meza. Nami nikapiga makofi. Nilipiga kweli, kwa viganja vyote viwili.

Mrefu peke yake hakupiga. Alinitazama mimi, si Kinanda.

Ameshawaandikia. Nilidhani angengoja mpaka tarehe yenyewe. Nilidhani kulikuwa na muda wa... sijui wa nini.

Jumapili, 10 Novemba

Siku mbaya, na watu wote walikuwa wema kwangu.

Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Akasema vijana wa siku hizi wanakimbilia vyeti, lakini tunaye mmoja aliyesikia sauti, na tunaye Mama Vijana anayejua kupiga magoti. Mama Vijana! Mimi mwenye mtoto hata wa dawa sina. Amina zikanyesha. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Nje mama yake Kinanda akanikamata. Ni fundi wa kushona sare za shule, vidole vyake vigumu kama mbao. Akanikumbatia mpaka mkoba wangu ukaanguka.

"Dada yangu, umenirudishia mwanangu," akasema. "Alipokuja kuniambia amepata chuo na ameambiwa akae, yote kwa mara moja, nililia. Tangu baba yake afariki, yule ndiye mwenzangu ndani ya nyumba. Lakini nisingethubutu kumzuia. Ningewezaje? Angekuja kunilaumu uzeeni. Sasa Mungu akizuia mwenyewe, nani wa kulaumiwa?"

Akacheka. Nikacheka.

Mama mzazi hakuthubutu. Mimi nikathubutu, tena kwa jina la mwingine.

Nyumbani dada yangu alikuwa anapasi. Habari zilishamfika, maana alitoka nazo mwenyewe kanisani. Akauliza bila kuinua macho.

"Kumbe Mungu amesema nawe."

"Amesema."

"Na kuhusu pacha alisemaje?"

"Hawakuniuliza."

"Na Mrefu?"

"Naye hakuuliza."

"Aa." Akageuza kola. "Kwa hiyo anasema juu ya wapiga kinanda tu."

Nikafunga mlango wa chumba kwa nguvu. Umri huu, nafunga mlango kama msichana! Nasikia pasi inapumua huko nje. Dada huwa haongezi neno. Akishachoma anaacha palepale.

Jumanne, 12 Novemba

Miwani ya Kinanda imefika kutoka karakana. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliagiza. Aliiagiza mwezi uliopita, miwani ya kuonea mbali. Kumbe alikuwa anajiandaa! Mtu wa kupima ardhi lazima aone mbali, aone kile kijiti chekundu kule ng'ambo ya uwanja.

Akaja kuichukua. Kumvalisha mtu miwani ni kazi ya karibu, unakuwa naye uso kwa uso. Nikakunja mkono wa fremu nyuma ya sikio lake, nikakagua mboni zimekaa katikati ya lenzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikauliza kama analala vizuri. Akasema analala.

Nikamwambia asome ubao wa herufi. Akausoma wote, mpaka mstari wa chini ambao hata mimi siusomi.

"Safi," nikasema. "Unaona kila kitu."

Akaivua, akaikunja, akaitia kwenye kikasha chake. "Nzuri sana, Anti. Ila sijui nitaivaa lini. Nota ziko hapa karibu, naziona hata bila hii."

Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililoniua. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Halafu akaniuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa hili: mtu akimtii Mungu, amani inachukua muda gani kuja? Maana yeye anaingoja.

Mteja akaingia. Nikamshukuru Mungu kwa mteja! Nikasema, "Tutaongea, mwanangu," nikamkimbilia yule mteja kama ndugu aliyepotea.

Nilipobaki peke yangu nilikaa kwenye kiti cha kupimia macho, kile cha wagonjwa, mbele ya ubao. Nikajisemea kwa sauti: sikusikia kitu. Hakuna neno lililokuja. Nilimtaka Kinanda, nikamchukua.

Hakukunipa nafuu kusema. Duka lilikuwa tupu. Ni rahisi kusema ukweli kwenye duka tupu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia.

Niliomba ruhusa dukani, nikaenda ukumbini mapema. Alikuwa peke yake anafanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili, za kuwaaga wenzake. Anapiga kuwaaga wenzake! Nikavuta kiti. Akaendelea kupiga kwa mkono mmoja, taratibu, kama anavyofanya mchungaji akiomba.

Nikamwambia aache kupiga.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho, na mstari wa Maandiko katikati. Yote ikanitoka. Nikasema tu, "Lile neno nililokupa halikutoka kwa Mungu. Nililitoa mwenyewe. Sikutaka uondoke."

Akageukia upande wangu.

"Ulikosea kusikia?" akauliza. Alikuwa ananifungulia mlango, mtoto yule. Ningeweza kupita hapo. Ndiyo, mwanangu, nilikosea kusikia, sisi ni binadamu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema!

"Hapana," nikasema. "Sikusikia kabisa. Niliwaza mkutano wa Desemba. Niliwaza nani atapiga. Na niliwaza nitakavyobaki mwenyewe hapa na hao wadogo, nanyi hampo."

Akafunika kinanda kwa kile kitambaa chake cheusi. Akanyoosha kona moja, kisha nyingine. Nilitamani afoke. Nilikuja nimejiandaa kwa kufokewa.

"Na lile la msibani?" akasema.

"Lipi?"

"Siku tuliyomzika baba. Ulinifuata nyuma ya nyumba, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo. Ukaniambia, 'Mungu ameniambia nikwambie hatakuacha.' Ukasema hivyo hivyo, kwa sauti hiyohiyo."

Naikumbuka siku ile. Viatu vyake vilikuwa vikubwa, amevalishwa vya mtu mzima. Nilimwona pale, nikatafuta neno la kumpa mtoto, na mkononi sikuwa na kitu kingine.

"Mimi nimeishi na lile neno," akasema. "Kila mtihani. Kila mama alipougua. Nilikuwa najisemea, Mungu alimtuma mtu mpaka nyuma ya nyumba kuja kuniambia. Na lile, Anti? Lilikuwa lako?"

Nikatikisa kichwa, naye sijui alielewa ninakana au ninakubali.

Si kwamba nilikataa kujibu. Sijui! Nimekaa hapa na kalamu, bado sijui. Nimelisema neno "Mungu ameniambia" mara nyingi kiasi kwamba sijui lipi lilikuwa lake na lipi lilikuwa langu.

Akainuka. Nikamwambia waandikie chuo, kesho ndiyo mwisho, waambie umebadili nia. Nitakusaidia, nitampigia mtu simu...

"Usimpigie mtu," akasema. Kwa adabu. Akaniachia mlango wazi, kwa sababu alijua nitakuwa natoka pia.

Ijumaa, 15 Novemba

Meseji yake, mchana: "Nimewaandikia na nimewapigia. Wanasema nafasi huenda imeshapewa mwingine. Watanijulisha Jumatatu."

Hakuandika Anti.

Jioni mama yake akapiga. Nilijua ni yeye kabla sijatazama.

"Wiki iliyopita Mungu alisema akae," akasema. "Jana kasema aende. Nieleze, dada yangu, maana mimi ni fundi cherehani tu. Huyo anabadilika hivyo ni Mungu au ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Nikasikia cherehani yake ikizunguka kidogo, kama ameigusa bila kukusudia.

"Mwanangu tangu jana hajaomba hata mbele ya chakula," akasema. "Anakula tu." Akakata simu.

Jumamosi, 16 Novemba

Kupamba ukumbi. Maputo, vitambaa. Msemaji alipanda ngazi akahutubia taifa. Tulicheka wote, nami nilicheka, mnafiki mimi.

Mchungaji akanivuta pembeni. Kesho niwawekee vijana mikono mmoja mmoja, nimpe kila mtu neno la safari, kama mwaka jana. Na Kinanda atoe ushuhuda wa kubaki.

Hapo ndipo pa kumwambia. Alikuwa ananisikiliza, ameshika puto mkononi, uso wake mwema kabisa.

Nikasema, "Sawa, mchungaji."

Sawa! Nilimwambia Kinanda ukweli na nikajiona nimetubu. Kumbe nilitubu kwa yule asiyeweza kunivua cheo.

Jumapili, 17 Novemba

Niko stoo ya ukumbi, kati ya viti vibovu na spika iliyokufa. Nimejifungia. Nje wanakula keki. Naandika nyuma ya ratiba ya ibada, nitaibandika kwenye daftari baadaye.

Ibada ilianza vizuri. Kinanda alikuja. Alipiga kila wimbo bila kosa, na hakuinua macho. Mama yake alikaa safu ya mbele, mkoba juu ya magoti, akinitazama.

Mchungaji akawaita wanaoondoka. Mrefu, pacha, Msemaji, na wengine wawili wa kwaya. Wakasimama kwa mstari mbele. Halafu mchungaji akageuka, akaelekeza mkono kwa Kinanda, akasema kwenye maiki, "Na huyu, Bwana asifiwe, huyu anabaki!"

Kanisa zima likasimama. Makofi, vigelegele, mzee mmoja akaanza kurukaruka.

Kinanda akaacha kupiga. Katikati ya wimbo, hivihivi. Akazima swichi. Akashuka kutoka jukwaani, amevaa ile miwani, akaenda kusimama mwisho wa mstari, kando ya Msemaji. Nafasi hana. Jibu ni Jumatatu, na huenda likawa hapana. Lakini alisimama na wanaoondoka.

Makofi yakafa vipande vipande. Wa nyuma waliendelea kidogo, hawakuwa wameona.

Mchungaji akanitazama. Akanipa maiki, kama mtu anayekupa mtoto anayelia.

Nikaanza na Mrefu. Nikamwekea mkono begani nikasema, "Ninakutakia heri." Tu. Hakuna "Bwana ananionyesha". Akashangaa, kisha akanibana mkono. Nikamwambia hivyo kila mtu, na kila mara nilisikia kanisa likingoja. Wamezoea zaidi ya hapo kutoka kwangu. Mwaka jana nilimwona mmoja akiwa rubani!

Nikafika kwake.

Karibu namna ile, nilijiona kwenye lenzi zake, mdogo, na maiki kubwa. Nikainua mkono. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ambayo maiki haikuinasa:

"Anti, usiseme kitu."

Nikabaki na mkono hewani. Sikumgusa. Sikusema. Mtoto mchanga akalia huko nyuma na kila mtu akamsikia. Mchungaji akanong'ona, "Neno, Mama Vijana, neno." Kinanda alikuwa amefumba macho. Hakuondoka. Angeweza kuondoka, hakuondoka, alisimama pale mbele yangu amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatikisika. Sijui alikuwa anaomba au anajizuia kulia.

Nikamrudishia mchungaji maiki. Nikatembea. Nilidhani naelekea nje, nikajikuta huku.

Anagonga. Mchungaji. Anasema watu wanauliza, je, mtoto anabaki au anakwenda? Anasema nitoke nieleze jambo, watu wasikae na maswali kwenye keki. Anasema, "Si useme tu kwamba Bwana ameelekeza upya?"

Kaondoka. Hapana, kampisha mtu. Huyu hagongi kwa vidole, anapiga mlango kwa kiganja.

"Dada, fungua. Ni mama yake." Pumzi. "Wanamzonga mwanangu huku, wanamwambia amemkimbia Mungu. Yeye hasemi. Hakutaji. Utatoka lini?"

Hakutaji! Amesimama katikati yao anabeba kosa langu.

Nitatoka. Naandika kwanza nitakachosema, nisije nikapotea tena.

"Wapendwa, Bwana ameniongoza niwaambie..."

Hapana. Nimekata. Angalia mkono huu! Hata sasa!

"Wapendwa, Roho amenisukuma..."

Nimekata.

Anapiga mlango tena. Lianze na mimi. Neno la kwanza liwe "mimi", halafu yanayofuata yatajua njia. Nafungua.